Manyoya ya Kanga Katika Mito ya Baridi

Mtu atokaye mji wa Seattle, katika jimbo la Washington nchini Marekani, akitaka kufika pwani ya bahari kuu ya Pasifiki, mara nyingi huanza kwa kuvuka maji. Huingia ndani ya feri pamoja na motakaa yake, akateremka ng'ambo, kisha akapita juu ya daraja la Hood Canal, ambalo halikusimamishwa juu ya nguzo bali laelea juu ya maji. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1961. Mwezi wa Februari 1979 ilivuma dhoruba kali ikaizamisha nusu yake ya magharibi, na watu wakakaa bila daraja mpaka mwaka 1982. Habari hiyo yatosha kumwonya mgeni jinsi upepo na mvua za upande huo zilivyo.

Baadaye barabara nambari 101 huizunguka milima ya Olympic kwa upande wa kaskazini, hupita mji wa Port Angeles na kando ya ziwa Crescent, hata kufika Forks. Forks ni mji mdogo wenye watu zaidi ya elfu tatu, ambao zamani sifa yake yote ilikuwa kazi ya kukata magogo. Nairobi hupata mvua kama inchi 40 kwa mwaka, na mkulima wa Kiambu huona hizo zatosha. Katika bonde la mto Hoh, kusini ya Forks, hunyesha kama inchi 140. Miti ya jamii ya msonobari husimama pande zote, mirefu kupita kiasi, na matawini huning'inia mimea ya kijani kama ndevu za wazee. Aliyepata kupanda Nyandarua wakati wa ukungu ataifahamu picha hiyo, ila aizidishe mara mbili, kisha aongeze baridi.

Mito ya hapo ni mingi kwa nchi ndogo kama hiyo. Calawah huingia katika Bogachiel karibu na mji. Bogachiel na Sol Duc hukutana zikafanya mto Quillayute, ambao hauna safari ndefu, kwa maana baada ya maili chache tu huingia baharini katika kijiji cha La Push, makao ya kabila la Waquileute. Hoh hutelemka peke yake kutoka katika barafu ya mlima Olympus, na mlangoni pake pana kijiji cha kabila la Wahoh. Katika mito hiyo, tangu mwezi wa Desemba hata Aprili, huingia samaki ambaye kwa ajili yake watu huacha nyumba zao zenye moto wakaenda kusimama katika maji ya baridi tangu alfajiri mpaka jioni.

Samaki huyo huitwa stilihedi, na maana ya jina lake ni kichwa cha chuma cha pua. Huanguliwa katika changarawe ya mtoni, hukaa huko mara nyingi miaka miwili, kisha hushuka baharini. Huko hula uduvi, ngisi na samaki wadogo, hunenepa, na baada ya miaka miwili au mitatu hurudi katika mto ule ule alikozaliwa ili atage. Wa kawaida huwa na uzito wa ratili 8 mpaka 12. Apitaye ratili 20 hukumbukwa na mvuvi wake maisha yake yote, hata na majirani wasiotaka kusikia. Anapoingia kutoka baharini hung'aa kama shilingi mpya. Akikaa mtoni majuma mengi hupata weusi mgongoni na mstari mwekundu ubavuni. Jamaa zake samoni wa Pasifiki hufa wote wakiisha kutaga. Stilihedi si wote wafao. Wengine hurudi baharini, na wachache huja kutaga mara ya pili.

Mstari huo mwekundu si mgeni kwa watu wa Nyeri na Naro Moru. Mayai ya trauti yaliletwa Kenya kwanza mwaka 1905, nao walikuwa trauti wa kahawia wa kutoka Uingereza, waliotiwa katika mto Gura. Baada ya miaka michache akafuata trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya magharibi ya Amerika. Huyo wa pili ni samaki wa aina moja na stilihedi: tofauti ni kwamba stilihedi huenda baharini, na trauti hubaki mtoni. Trauti wa Mlima Kenya hata akitaka kusafiri hawezi, kwa sababu maji ya Tana huko chini ni ya moto mno kwake, angekufa kabla hajaiona bahari.

Sasa litazamwe jambo la nzi, ndilo linalowashangaza wageni. Mvuvi wa trauti hutumia nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na uzi ifanane na mdudu. Akifika mto Thego hutazama kwanza ni mdudu gani anayeruka juu ya maji siku hiyo, kisha hufungua kisanduku chake akachagua aliye sawa naye. Hiyo ni hesabu ya kueleweka: samaki ana njaa, naye apewe chakula chake. Lakini stilihedi wa majira ya baridi aliyekwisha ingia mtoni karibu ameacha kula. Mafuta aliyoyaweka baharini ndiyo yanayomchukua mpaka siku ya kutaga. Basi kwa nini aume manyoya?

Wako wasemao kwamba akumbuka uduvi na ngisi wa baharini, na kwa hiyo rangi ya machungwa na ya waridi humpendeza. Wengine husema huuma kwa hasira, kama jogoo afukuzaye kifaranga cha mwenzake. Wengine tena husema ni udadisi tu: samaki hana mkono wa kushikia kitu apate kukichungua, basi mdomo ndio mkono wake. Hakuna aliyepata kumwuliza samaki mwenyewe, na ubishi huo umejaza vitabu vingi na kumaliza chai nyingi katika hoteli za Forks.

Ndiyo maana huko mvuvi hamchagui nzi kwa kumtazama mdudu, bali kwa kuutazama mto. Kabla hajatoka nyumbani husoma kipimo cha Serikali kilicho penye daraja la barabara 101 juu ya mto Hoh, ajue kama maji yanapanda au yanashuka. Maji yakipanda yakawa rangi ya chai ya maziwa, basi na alale. Hakuna manyoya yatakayoonekana humo. Yakianza kushuka, na weupe ukageuka kuwa kijani, mtu asimamaye ndani akaweza kuona viatu vyake katika kina cha futi tatu au nne, hapo ndipo simu hulia kila nyumba yenye mvuvi. Na Hoh ina tabia yake zaidi ya mito mingine, kwa maana barafu ya mlimani husaga mawe yakawa unga, na unga huo hukaa majini ukayafanya ya kijivu hata pasiponyesha.

Katika maji ya giza hutumiwa nzi mkubwa, inchi tatu au nne, mweusi pamoja na buluu, au wa zambarau. Mgeni hushangaa kwamba weusi ndio uonekanao katika giza. Sababu ni kwamba samaki humtazama nzi kutoka chini, na nyuma ya nzi kuna mwanga wa mbingu. Basi kitu cheusi huonekana umbo lake lote kama mtu asimamaye mlangoni mchana. Maji yakiwa ya kijani, rangi ya machungwa na ya waridi hushika zamu. Yakiwa safi kama kioo baada ya siku nyingi za jalidi, mvuvi mwenye busara huweka makubwa yote sandukuni akatoa nzi mdogo mwenye rangi ya kiasi, kwa sababu samaki katika maji hayo ni mwoga. Yuko nzi mmoja wa zambarau aitwaye ruba, naye hufungwa na ushanga mwekundu kichwani kana kwamba anyonya yai la samaki. Wavuvi wa kiungwana humcheka. Hata hivyo ni wachache wasiokuwa naye mfukoni.

Samoni wana mambo yao. Koho waingiao mwezi wa Septemba hata Novemba hupenda nzi avutwe kwa mkono, avutwe na kuachwa, katika maji yaliyotulia. Chamu wa mwisho wa mwaka huuma rangi kali ya kijani kibichi, wala hawahitaji maneno mengi.

Lakini yafaa kusema wazi kwamba rangi husifiwa kuliko inavyostahili. Maji ya mito hiyo wakati wa baridi huwa na joto la digrii 38 mpaka 45 za Farenhaiti, na samaki katika baridi hiyo ni mzito. Hatapanda juu kufuata kitu, wala hatakimbia mbali. Nzi mbaya apitaye polepole mbele ya pua yake ana nafasi nzuri kuliko nzi mzuri apitaye haraka futi tatu juu ya kichwa chake. Basi kazi kubwa ni kumshusha. Mvuvi wa pwani ya Afrika ya Mashariki angefunga chubwi ya risasi, mambo yakaisha. Wavuvi wa nzi hawapendi kufanya hivyo. Hutia uzito katika mshipi wenyewe, katika ncha yake ya futi kumi hivi iliyochanganywa na unga wa tangisteni, madini mazito kuliko risasi. Kuirusha ncha hiyo kwahitaji ufito mrefu wa futi 12 hata 14, ushikwao kwa mikono miwili. Fito za namna hiyo asili yake ni mto Spey wa Uskoti, na wavuvi wa mto Skagit, kaskazini ya Seattle, ndio waliozitafutia mshipi mfupi na mnene uwezao kubeba nzi mkubwa.

Mvuvi huingia majini akiwa amevaa suruali ya mpira ifikayo kifuani. Hurusha mshipi ng'ambo, kwa mshazari kuelekea chini ya mto. Hulitupa tumbo la mshipi upande wa juu wa mkondo ili nzi apate kuzama. Kisha huacha mkondo umchukue nzi, azunguke polepole kama mkono wa saa mpaka anyoke chini yake kando ya ukingo. Hapigi wala havuti. Akiisha, hupiga hatua mbili kushuka, akarusha tena. Hivyo hufanya kutwa nzima, mvua ikimnyeshea, vidole vikifa ganzi, na barafu ikiziba pete za ufito. Siku tatu kupita bila kuguswa si ajabu hata kwa hodari. Halafu, bila onyo, mshipi hukazwa kama umeshikwa na gogo, na gogo likaanza kwenda.

Nzi wenyewe wana safari ya kushangaza kuliko ya samaki. Katika Forks, usiku, mtu hukaa mezani na jiliwa dogo liishikalo ndoana, naye hufunga manyoya kwa uzi. Shingoni mwa nzi huzungusha unyoya wenye madoadoa meupe, mara nyingi uliotiwa rangi ya buluu au ya machungwa. Huo ni unyoya wa kanga, ndege wa Afrika, ambaye hapa huwindwa kwa mitego akaliwa, na manyoya yake yakaachwa yapeperuke uani. Nyuzi ndefu zinazochezacheza pembeni ni za mbuni. Hata lile nyoya laini kama moshi, litumikalo katika nzi wengi wa majira ya baridi, bado laitwa marabu. Hapo kwanza lilitoka kwa yule korongo mwenye upara na mfuko shingoni asimamaye majalalani Nairobi. Leo hutolewa kwa bata mzinga, lakini jina limebaki. Nyoya hilo likiwa kavu halina maana. Likilowa majini hupumua kama kiumbe hai.

Miongoni mwa waliojulikana kwa kazi hiyo katika Forks alikuwa mwalimu wa shule, Syd Glasso. Yeye alichukua namna ya kale ya nzi wa Spey, wembamba wenye manyoya marefu, akaigeuza kwa rangi za machungwa zilizowafaa stilihedi, na nzi wake wamo mpaka sasa katika vitabu vya wafungaji. Baadhi yao aliwaita kwa jina la kulastara, ndege wa mtoni mwenye shingo ndefu. Tangu mwaka 1918 sheria ya Marekani inawalinda ndege wa jamii hiyo, na wafungaji wa leo hutafuta manyoya mengine yafananayo na hayo. Katika miaka ya 1990 wakatokea Ed Ward, Jerry French na Scott Howell, wakatengeneza nzi mkubwa mwenye manyoya ya mbuni, ambaye ndoana yake ndogo hufuata nyuma kwa kamba. Sura yake ni kama kitambaa kilichochanika. Samaki hawajali sura hiyo.

Lakini wakati wafungaji wakizidi ustadi, samaki wamepungua. Zamani mtu wa Forks alichukua stilihedi nyumbani akala. Viko vituo vya Serikali vya kuangulia samaki, na samaki wa huko hukatwa pezi dogo la nyama lililo mgongoni karibu na mkia, ili wajulikane. Hao huruhusiwa kuuawa. Mwenye pezi lake zima ni wa asili, na tangu mwaka 2016 sheria imekataza kumwua katika mito ya rasi hiyo. Katika majira ya mwaka 2020 hata 2021 wavuvi walikatazwa kutumia chambo na kuvua wakiwa ndani ya mashua, na ndoana zikawa za ncha moja tu, zisizo na jino lile la kumzuia samaki asichomoke. Mwezi wa Machi 2022, wakati mzuri kuliko wote, mito ya pwani ilifungwa kabisa mapema, kwa sababu samaki waliorudi hawakutosha.

Kufungwa kwa mito huwauma wengi: waongozaji wa wageni, wenye hoteli, wauzaji wa vifaa. Na pakiwa na uchungu hutafutwa wa kulaumiwa. Wazungu wengine huzitazama nyavu za makabila kwenye milango ya mito wakanung'unika. Lakini makabila hayo yaliwekeana mkataba na Serikali ya Marekani mwaka 1855 na 1856. Yalitoa ardhi, yakajiwekea haki ya kuvua. Kwa zaidi ya miaka mia moja haki hiyo ilidharauliwa, na Wahindi Wekundu walikamatwa kwa kuvua mahali walipovua babu zao. Billy Frank wa kabila la Wanisqually alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1945 akiwa na umri wa miaka 14, naye alikamatwa zaidi ya mara hamsini maishani. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba makabila yana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa, na mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani ikaithibitisha hukumu hiyo. Tena nyavu hazikukata misitu ya kandokando ya mito, wala hazikujenga mabwawa.

Kwa habari ya mabwawa, mto Elwha uko kando ya barabara ile ile, magharibi kidogo ya Port Angeles, nao umeachwa makusudi mpaka hapa. Bwawa la kwanza lilimalizika mwaka 1913, la pili mwaka 1927, ili kupata nguvu za umeme. Hakuna hata moja lililopewa ngazi ya samaki, na zaidi ya maili 70 za mto na vijito vyake zikafungwa. Kabila la Waklallam wa Elwha ya Chini walidai mto wao muda mrefu. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuurudisha mto hali yake, kazi ya kubomoa ikaanza mwezi wa Septemba 2011, na mwaka 2014 mabaki ya mwisho ya kuta yakaondolewa.

Juu ya mabwawa hayo walikuwa wamefungiwa trauti wa upinde wa mvua, kizazi baada ya kizazi, kwa karibu miaka mia, nao hawakuijua bahari. Njia ilipofunguliwa, walianza kuonekana mtoni stilihedi wa majira ya joto, ambao walikuwa karibu wamesahauliwa katika mto huo. Wataalamu walipopima nasaba yao waliona kwamba wametokana na trauti wale waliofungiwa juu. Uvuvi katika Elwha ulisimamishwa tangu kuta zilipoanza kubomolewa, kwa wenye fito na kwa wenye nyavu pia, ili samaki wapate kuongezeka. Mwezi wa Oktoba 2023 watu wa kabila la Waklallam walishuka mtoni kuvua koho, wachache, kwa ajili ya chakula na sherehe zao. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mto ulipokuwa huru.